Je, Wajua? Kura za Lamu, Kaunti Ndogo Isiyobebwa na Wimbi

Uchaguzi unapomalizika Kenya, macho yote huelekea Nairobi, Kiambu na Nakuru, zinakohesabiwa kura kwa mamia ya maelfu. Leo safu hii inakupeleka Lamu, kaskazini mwa Pwani, kwenye daftari dogo kuliko yote nchini. Ukizichambua kura za huko kiti kwa kiti, utakuta watu wanaompima kila mgombea peke yake, na wasioona haya kumwondoa kiongozi aliyewachosha. Twende moja baada ya nyingine.

WATU NA MAHALI

Je, wajua kuwa Lamu ndiyo kaunti yenye wapiga kura wachache zaidi kati ya kaunti zote 47? Katika uchaguzi wa 2022 daftari lake lilikuwa na majina 81,453. Isiolo ilifuata kwa 89,504. Nairobi ilikuwa na 2,415,310, kwa hiyo kila mpiga kura mmoja wa Lamu alikuwa na wenzake takriban thelathini jijini.

Je, wajua kuwa daftari hilo limekua kwa zaidi ya nusu katika miaka tisa? Mwaka 2013 lilikuwa na watu 52,346. Kufikia 2017 walikuwa 69,776, na 2022 wakawa 81,453. Mara zote tatu Lamu ilibaki ya mwisho kwenye orodha ya taifa.

Je, wajua kuwa kaunti nzima ina maeneo bunge mawili tu na wadi kumi? Lamu Mashariki ina wadi tatu: Faza, Kiunga na Basuba. Lamu Magharibi ina saba: Shella, Mkomani, Hindi, Mkunumbi, Hongwe, Witu na Bahari.

Je, wajua kuwa wadi hizo kumi hazifanani hata kidogo? Mkomani na Shella zina mji wa kale wa Lamu, uliotambuliwa na UNESCO mwaka 2001 kuwa urithi wa dunia, ambako mizigo hupita vichochoroni juu ya mgongo wa punda. Faza iko kisiwani Pate. Kiunga inapakana na Somalia. Basuba ni ya misitu, na wenyeji wake wengi ni Waaweer, ambao pia huitwa Waboni. Bahari ni ya wakulima wa Mpeketoni, eneo lililokaliwa na familia kutoka bara kupitia mpango wa serikali wa kugawa mashamba ulioanza miaka ya 1970. Mgombea ugavana anayetegemea upande mmoja pekee huwa amejifungia mlango mwenyewe. Lazima awe na la kumwambia mvuvi na la kumwambia mkulima.

Je, wajua kuwa wakazi wote wa Lamu wakikusanywa hawatoshi kujaza eneo bunge moja la wastani? Sensa ya 2019 ilihesabu watu 143,920 katika kaunti nzima. Ukigawanya Wakenya wote wa sensa hiyo kwa maeneo bunge 290, kila moja linapata watu wapatao 164,000.

Je, wajua kuwa Katiba ililikinga eneo bunge la Lamu Mashariki lisifutwe? Katika sensa ya 2009 eneo hilo lilikuwa na watu chini ya 20,000, na wastani wa taifa ulikuwa 133,138. Kwa hesabu kavu lingepotea. Lakini Katiba ya 2010 iliagiza kwamba marekebisho ya kwanza ya mipaka yasiondoe eneo bunge lolote lililokuwapo. Tafadhali zingatia maneno hayo mawili, “ya kwanza”. Kinga haikuahidiwa kwa marekebisho yatakayofuata. Mzee wa Faza au Kizingitini anayedhani habari za mipaka ni za wanasiasa wa Nairobi anapaswa kuamka sasa, kwa sababu kiti kinachozungumziwa ni chake.

UZITO WA KURA CHACHE

Je, wajua kuwa Lamu ina nguvu sawa na Nairobi katika Seneti? Kila kaunti huchagua seneta mmoja, na kila kaunti huchagua mwakilishi wa kike mmoja wa kwenda Bunge la Taifa. Tena Seneti inapopiga kura kuhusu jambo linalogusa kaunti, kila ujumbe wa kaunti una kura moja tu. Hapo watu 81,453 na watu karibu milioni mbili unusu hulingana.

Je, wajua kuwa anayetaka urais wa Kenya hatoshelezwi na wingi wa kura pekee? Lazima apate zaidi ya nusu ya kura halali, na pia angalau asilimia 25 ya kura zilizopigwa katika kila moja ya zaidi ya nusu ya kaunti. Hizo ni kaunti 24. Katika sharti hilo la pili, Lamu ni kaunti moja kamili kama Nakuru.

Je, wajua kuwa 2022 mshindi wa urais alivuka mstari wa nusu kwa kura chache kuliko daftari la Lamu? William Ruto alipata 7,176,141 na Raila Odinga 6,942,930. Ukijumlisha na za George Wajackoyah na David Mwaure, kura halali zinafika 14,213,027. Nusu na moja ilikuwa 7,106,514. Ruto aliipita kwa 69,627, na wapiga kura walioandikishwa Lamu walikuwa 81,453. Anayesema kura za kisiwani hazibadilishi kitu aonyeshwe hesabu hiyo.

UGAVANA: KITI KISICHOZOEWA

Je, wajua kuwa mwaka 2017 ugavana wa Lamu uliamuliwa kwa kura 121? Fahim Twaha wa chama cha Jubilee alipata 22,969. Gavana aliyekuwa madarakani, Issa Timamy wa ANC, alipata 22,848. Zigawe kura 121 kwa wadi kumi, utapata kama kumi na mbili kwa kila wadi. Mashua moja ya abiria hubeba watu zaidi ya hao.

Je, wajua kuwa pengo hilo lilikuwa dogo kuliko foleni ya kituo kimoja cha kura? Siku hizi kituo cha kupigia kura Kenya hakiruhusiwi kuzidi wapiga kura 700. Jamaa wachache waliobaki nyumbani siku ile kwa kudhani mambo yameshakwisha wangeweza kuyageuza matokeo ya kaunti nzima.

Je, wajua kuwa gavana hahitaji nusu ya kura ili ashinde? Sharti la nusu na moja ni la rais. Kwa gavana, Katiba inamtaka aongoze tu, hata kwa kura moja, na hakuna duru ya pili.

Je, wajua kuwa katika chaguzi tatu za mwanzo za ugatuzi hakuna gavana wa Lamu aliyetetea kiti chake akafaulu? Timamy alikuwa gavana wa kwanza, 2013. Akang’olewa 2017. Twaha aliyemng’oa naye akang’olewa 2022.

Je, wajua aliyemng’oa Twaha ni nani? Ni Timamy yuleyule. Watu wa Lamu walimwondoa kiongozi, wakamwacha nje miaka mitano, wakamrudisha. Mwalimu wa uraia anayetafuta mfano wa raia walio juu ya mtawala asiende mbali. Hapakuwa na mapinduzi wala ngumi. Zilikuwa karatasi za kura tu, na aliyeshindwa akatoka ofisini.

WANAVYOCHANGANYA KURA

Je, wajua kuwa mwaka 2022 Lamu iligawa viti vyake kwa kambi zote mbili na bado ikabakiza kimoja cha mgombea huru? Kwa urais, kura nyingi zilikwenda kwa Raila Odinga wa Azimio. Ugavana ukaenda ANC, chama kilichokuwa upande wa Ruto. Useneta ukachukuliwa na Joseph Githuku wa Jubilee. Viti viwili vya ubunge vikaenda kwa Ruweida Obo na Stanley Muthama, wote wa Jubilee. Nafasi ya mwakilishi wa kike akaipata Monicah Marubu, ambaye hakuwa na chama chochote.

Je, wajua kuwa ODM, chama cha Raila mwenyewe, hakikupata hata kimoja kati ya viti hivyo vitano? Mpiga kura aliyemtia Raila alama kwenye karatasi ya kwanza hakujiona ana deni la kufuata chama chake kwenye karatasi zilizobaki.

Je, wajua kuwa tabia hiyo haikuanza 2022? Mwaka 2013 ugavana ulikwenda UDF, useneta TNA kupitia Abu Chiaba, mwakilishi wa kike akawa Shakila Abdalla wa Wiper, na Lamu Magharibi ikampeleka bungeni Julius Ndegwa wa KNC. Viti vinne, vyama vinne.

Je, wajua kuwa Stanley Muthama ameshinda Lamu Magharibi mara mbili kwa vyama viwili tofauti? Mwaka 2017 alipita kwa Maendeleo Chap Chap, na 2022 kwa Jubilee. Chama kilibadilika, mtu akabaki.

Je, wajua kuwa Ruweida Obo alipanda ngazi kwa hiari ya wapiga kura wenyewe? Mwaka 2017 alichaguliwa mwakilishi wa kike wa kaunti, kiti kilichotengwa kwa wanawake. Mwaka 2022 akaingia kwenye kinyang’anyiro cha ubunge wa Lamu Mashariki, ambako hakuna aliyetengewa nafasi, akawashinda wanaume. Wale ambao kila siku husema kwamba visiwa vya Waislamu wa Pwani haviwezi kumchagua mwanamke wanajibiwa na Faza, Kiunga na Basuba.

Je, wajua kuwa ushindi wa Monicah Marubu ulikuwa wa nadra nchini? Mgombea huru hana rangi ya chama, hana mgombea urais wa kumvuta, na hana jina la chama la kumtambulisha kwenye karatasi. Kushinda kaunti nzima namna hiyo, kuanzia Witu hadi Kiunga, ni kazi ya kuingia kila mlango.

SIKU YENYEWE

Je, wajua kuwa Katiba imeiweka siku ya uchaguzi katikati ya msimu wa kusi? Uchaguzi mkuu wa Kenya hufanyika Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano. Huo ndio wakati upepo wa kusi unavuma kwa nguvu na bahari ya nje imechafuka. Kwa mtu wa Nakuru tarehe hiyo ni tarehe tu. Kwa mtu wa Kiwayu au Ndau ni suala la kama chombo kitavuka salama, na yeye pamoja na masanduku ya kura wanategemea maji hayohayo. Mwaka 2013 ulikuwa tofauti: watu walipiga kura tarehe 4 Machi, wakati wa kaskazi.

Je, wajua kuwa mpiga kura hupewa karatasi sita kwa mpigo, kila moja na rangi yake? Nyeupe ni ya rais, buluu ya gavana, manjano ya seneta, kijani ya mbunge, zambarau ya mwakilishi wa kike, na ya kahawia hafifu ni ya mwakilishi wadi. Vifuniko vya masanduku vina rangi hizohizo, ili hata asiyejua kusoma aone karatasi ipi inaingia wapi.

Je, wajua kuwa asiyeweza kutia alama mwenyewe ana haki ya kuja na mtu anayemwamini? Msaidizi huyo hula kiapo, na haruhusiwi kumsaidia mtu mwingine yeyote katika uchaguzi huo. Kanuni hiyo inazuia kijana mmoja wa mgombea asigeuke kuwa “mjukuu” wa vikongwe kumi.

Je, wajua la kufanya mtambo ukikataa kidole chako? Tangu 2017 Tume ya Uchaguzi, IEBC, hutumia mtambo wa KIEMS kumtambua mpiga kura kwa alama za vidole. Mikono iliyozoea kamba za jarife, makasia na majembe mara nyingine huchubuka hadi alama zisisomeke. Hilo halikunyimi kura. Afisa hutafuta jina lako kwa nambari ya kitambulisho, na msimamizi hujaza fomu ya 32A mbele ya mawakala. Usiondoke kwenye foleni.

Je, wajua kura inahesabiwaje? Msimamizi hufungua sanduku palepale kituoni, mbele ya mawakala wa wagombea. Huchukua karatasi moja, huikunjua, hutaja aliyepigiwa, huiinua ili kila wakala aione, kisha huiweka kwenye fungu la mgombea huyo. Halafu nyingine. Halafu nyingine. Wakala asiyeridhika anaweza kupinga karatasi hapohapo na pingamizi lake likaandikwa. Kazi huendelea usiku, taa ikiwa ndogo na macho mazito, na ndiyo maana wakala aliyelala kituoni ni hasara kubwa kuliko mkutano wa hadhara uliokosa watu.

Je, wajua kuwa kila kiti kina nambari ya fomu yake? Rais ni 34A, mbunge 35A, mwakilishi wadi 36A, gavana 37A, seneta 38A na mwakilishi wa kike 39A. Herufi A maana yake ni kituo. Nakala hubandikwa mlangoni ambapo kila mtu anaweza kuisoma. Asubuhi kabla ya kwenda zako, pita uisome.

Je, wajua kuwa mwaka 2022 fomu za 34A za vituo zaidi ya 46,000 ziliwekwa kwenye tovuti ya IEBC ili kila mwananchi ajumlishe urais mwenyewe? Mlango huo ulifunguliwa na madai ya miaka mitano nyuma. Mwezi Juni 2017 Mahakama ya Rufani iliamua, katika kesi ya Maina Kiai, kwamba matokeo ya urais yanayotangazwa kwenye eneo bunge ni ya mwisho na hayabadilishwi Nairobi. Septemba mosi mwaka huohuo Mahakama ya Juu ikafuta uchaguzi wa urais, na suala la fomu na namna matokeo yalivyosafirishwa lilikuwa kiini cha hukumu.

Je, wajua kuwa kura iliyoharibika na kura iliyokataliwa si kitu kimoja? Ukikosea kabla ya kutumbukiza karatasi, irudishe kwa msimamizi upewe nyingine; ile ya kwanza ndiyo iliyoharibika. Iliyokataliwa ni ile inayokutwa sandukuni haina alama, au imetiwa alama kwa wagombea wawili. Hiyo haihesabiwi kwa mgombea yeyote. Kwenye kaunti inayoamuliwa kwa kura 121, alama moja iliyovuka mstari si jambo dogo.

Je, wajua kuwa anayepinga ushindi wa gavana ana siku 28 tu za kufungua kesi, na Mahakama Kuu ina miezi sita ya kuamua? Kesi ya mwakilishi wadi hupelekwa kwa hakimu. Mwananchi wa kawaida naye anaweza kufungua kesi, si mgombea peke yake.

TULIKOTOKA

Je, wajua kuwa mwaka 1957 Waafrika wa Pwani nzima ya Kenya walikuwa na mjumbe mmoja tu wa kuchaguliwa katika Baraza la Kutunga Sheria? Alikuwa Ronald Ngala, mmoja wa Waafrika wanane waliochaguliwa Machi mwaka huo. Na kura hazikuwa sawa. Haki ya kupiga kura ilitegemea elimu, kipato, mali au utumishi, na mtu mmoja aliweza kupewa hadi kura tatu huku jirani yake hana hata moja. Bibi wa leo wa Siyu asiye na cheti wala shamba ana kura moja kamili, sawa na ya profesa. Wazee walikaa wakiingoja haki hiyo.

Je, wajua kuwa hadi 1963 Lamu ilikuwa, kisheria, sehemu ya himaya ya Sultani wa Zanzibar? Ukanda wa pwani wa maili kumi uliendeshwa na Waingereza kwa niaba yake, na makubaliano ya Oktoba 1963 ndiyo yaliyoufanya uwe wa Kenya huru.

Je, wajua kuwa katika Zanzibar ya Sultani huyo, kisiwani Pemba, jimbo la Chake Chake liliwahi kuamuliwa kwa kura moja? Ilikuwa Januari 1961. Chama cha ASP kililitwaa kwa tofauti ya kura moja tu, kikafikisha viti 10. ZNP ilikuwa na 9 na ZPPP 3. ZPPP ikagawanyika, wawili huku na mmoja kule, kambi zikalingana kumi na moja kwa kumi na moja. Serikali haikuundika, na ilibidi Zanzibar irudi kwenye uchaguzi mwezi Juni mwaka uleule.

YA KUFANYA

Je, wajua kuwa uchaguzi mkuu ujao ni Jumanne, tarehe 10 Agosti 2027? Lamu imekwishaonyesha mara mbili kwamba kiti cha kaunti si mali ya aliyekikalia. Lakini anayeondoa kiongozi ni yule aliyeandikishwa, aliyehakikisha jina lake liko kituo kipi, na aliyefika. Vijana wanaotimiza miaka 18 kabla ya siku hiyo wachukue vitambulisho mapema, maana bila kitambulisho hakuna kujiandikisha. Anayeishi kisiwa kimoja na kituo chake kiko kisiwa kingine aombe uhamisho wa kituo mapema, wala asingoje kusi limkute jetini. Na mgombea yeyote atakayekuja kuomba kura zako, muulize swali la wadi yako, kisha mpigie anayelijibu, awe wa chama chochote.